Namba Haina Miguu

Katika kliniki ile ya meno, pengo lilikuwa riziki. Watu waliingia wameziba midomo kwa viganja, wakatoka wakicheka hadharani. Fundi meno, aliyechonga meno ya bandia katika chumba cha nyuma, alikuwa na dua yake ya kila asubuhi: Mungu azidishe peremende. Lilikuwepo pengo la aina moja tu ambalo halikumnufaisha mtu, nalo ndilo lililomwondoa mkwe wa Mama Rula kwenye kaunta ya mapokezi, na nusura limwondoe kwenye ukoo.

Mama Rula alikuwa mkuu wa mapokezi. Jina hilo alibandikwa na fundi meno enzi za daftari kubwa, kwa kuwa hakuwahi kupiga mstari kwa mkono mtupu. Kila mgonjwa alikuwa na namba yake, na namba hiyohiyo iliandikwa kwenye kisanduku kilichohifadhi umbo la taya yake la plasta, kule rafuni kwa fundi. Enzi zile namba ikikosekana, maana yake ilikuwa moja tu: mtu kachana karatasi. Na anayechana karatasi ana analolificha. Mama Rula aliishi na kanuni hiyo miaka mingi na haikuwahi kumwangusha, ndiyo maana hakuona sababu ya kuiacha ilipokuja kompyuta.

Kompyuta ilitoa namba yenyewe. Unajaza jina, umri, simu, unabonyeza pa kuhifadhi, namba inatokea juu ya skrini kama vile ilikuwa inakusubiri. Daktari, ambaye ndiye mwenye kliniki, akataka mtu mwepesi wa kukaa pale, na Mama Rula akamleta mkamwana wake, mke wa mwanawe wa pekee. Binti alikuwa na vidole vyepesi, na Mama Rula hakuwa mtu wa kuacha vidole vyepesi vikae nyumbani vikisubiri mimba. La mimba naye hakulificha. Alilisema mezani, mbele ya mwanawe, kwamba kazi huchangamsha mwili, na mwili uliochangamka haucheleweshi mjukuu. Binti alitabasamu akatazama sahani yake. Walikuwa wakiishi naye wakati huo, katika vyumba viwili vya uani, na wakila chungu kimoja.

Kazi ilikwenda vizuri. Wagonjwa walimpenda, hasa wazee, kwa sababu alikuwa na muda nao. Mama Rula aliuona huo muda na haukumpendeza sana. Mzee asiye na simu yeye angemwambia aende akalete namba ya simu, arudi. Foleni ni foleni. Binti akawa anainama kwenye kaunta, anauliza taratibu, mtoto wako ana simu, jirani je, anajaribu hiki na kile mpaka mashine inakubali. Kuna wiki moja alikaa nyumbani kwa homa, kwa hiyo Mama Rula akaketi mwenyewe kwenye kaunta, na jioni jikoni kwake akanung'unika kwamba wasichana wa siku hizi homa zao zina godoro.

Baada ya hapo ndipo alipoyaona mapengo. Alikuwa akipekua wagonjwa wa mwezi ule kwenye skrini, akitelemka namba kwa namba kama alivyozoea kwenye daftari, kidole kikigusa kioo. 2031. 2033. Akarudi juu. 2032 haipo. Akaendelea: 2040, kisha 2043. Mbele huko, tena na tena.

Alimuuliza binti siku hiyohiyo, kwa sauti ya kawaida, kwa nini namba hazifuatani. Binti akasema hajui, huwa zinaruka tu, mara nyingine moja, mara nyingine mbili. Alisema hivyo huku anaendelea kuandika. Kule kuendelea kuandika ndiko kulikomkera mama mkwe. Mtu asiye na hatia, aliwaza, angeacha anachokifanya akatazama.

Akajenga kisa kichwani, na kisa kikasimama vizuri kuliko ukweli wowote: binti anapitisha watu wake mlango wa nyuma, wanang'olewa, wanazibwa, wanatoka, kisha anawafuta. Kilichomuuma zaidi ni kwamba yeye ndiye aliyemleta. Watu wangesema Mama Rula kaleta ukoo wake uje kula kliniki. Kwa hiyo akaamua kwamba, ili asiambiwe anapendelea, jambo hili lisimalizwe chumbani. Lingemalizwa palepale kaunta, mbele ya kila mtu, kama angelimaliza la mgeni yeyote. Aliita hiyo haki. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na hakukumbuka kwamba kamba ile alikuwa ameishika yeye.

Ilikuwa asubuhi yenye watu. Mabenchi yote yamejaa, mashavu yamevimba, fundi meno amesimama mlangoni na unga wa plasta mikononi. Mama Rula akageuza skrini kuelekea kwa mkwewe, akaweka kidole kwenye pengo.

"Hawa watu wangu uliowafuta, wako wapi?"

"Sijafuta mtu, mama. Namba zimeruka tu."

"Namba haina miguu, binti. Itarukaje?"

Mtu mmoja kwenye benchi akacheka. Kicheko cha mtu mwenye jino bovu, kifupi, mkono mdomoni. Mwingine akadakia. Fundi meno naye, Mungu amsamehe, akapuliza pua. Na Mama Rula, kwa kuwa kicheko kile kilimnogea, akaongeza neno ambalo hakuna aliyekuwa amemwomba.

"Kwangu unakula, kazini kwangu unafuta."

Binti aliinuka, akavua koti jeupe la mapokezi, akalikunja mikono kwa ndani kama shati la kuwekwa kabatini, akaliweka kwenye kiti. Akaaga wagonjwa wa benchi la kwanza, mmoja mmoja. Akatoka.

Jioni mwana alirudi kutoka kazini kwake akamkuta mama yake anapanga vyombo. Hakupandisha sauti. Alimwambia tu kwamba alipaswa kumuuliza mkewe chumbani. Mama Rula akamjibu kwamba alishamuuliza kwa sauti ya kawaida, akajibiwa upuuzi. Mwana akaenda uani. Kabla wiki haijaisha walikuwa wamepata chumba cha kupanga upande wa pili wa mji. Godoro lilipopita mlangoni Mama Rula alikuwa jikoni, amewapa mgongo, akijiambia kwamba mwenye kosa ndiye huhama.

Akarudi kwenye kaunta mwenyewe. Siku za kwanza alijisikia vizuri, kama nyumba iliyofagiliwa. Kisha akaja mzee mmoja na kofia yake mkononi, meno ya mbele hayapo, simu hana. Foleni siku hiyo ilikuwa fupi, Mama Rula akajikuta hana haraka ya kumfukuza. Akamuuliza simu ya mwanawe. Akaiandika, akabonyeza pa kuhifadhi. Mashine ikamkatalia kwa maandishi mekundu: simu hii ni ya mgonjwa mwingine. Mzee akakumbuka kwamba mkewe alikuja mwaka jana na alitaja simu hiyohiyo. Wakajaribu ya mtoto wake mwingine. Nayo ilikuwa imeshatumika. Mwisho mzee akatoa karatasi yenye simu ya jirani, na mashine ikakubali.

Namba ikatokea juu. Mama Rula akaitazama, akatazama ya mgonjwa aliyetangulia, akarudia kutazama. Katikati palikuwa na pengo la namba mbili.

Hakuwa amefuta mtu. Alikuwa ameketi palepale, mikono juu ya meza. Aliviangalia vidole vyake kama vya mtu mwingine.

Mzee akauliza kama kuna tatizo. Mama Rula akamwambia hapana, baba, kaa benchi, utaitwa. Kisha akainuka kwenda kumpigia simu fundi wa kompyuta.

Fundi wa kompyuta alikuja na begi lake mgongoni, akala biskuti za daktari, akacheka alipoelezwa. Hakucheka kwa ubaya. Alidhani, alisema, kila mtu anajua.

"Mama, namba inakatwa kabla mtu hajaandikwa. Ni kama tikiti ya foleni. Umeshapewa mlangoni, ukighairi ukaenda zako, tikiti ile hapewi mwingine. Inapotea na wewe. Kila mashine ikikukatalia, namba moja imeshakwenda."

Mama Rula akauliza kwa nini mashine isiirudishe. Akaambiwa kwamba mashine haimsubiri mtu aamue. Kukiwa na kaunta mbili, ya pili imeshapewa namba inayofuata huku ya kwanza bado inahangaika. Ikianza kuzirudisha nyuma, siku moja wagonjwa wawili watashika namba moja, na hicho ndicho kilio chenyewe. Namba ile, alisema, kazi yake ni kumtofautisha mtu na mtu. Haikuahidi kumhesabu mtu.

Alielewa. Hakuwa mjinga, alikuwa na stashahada yake ukutani. Lakini alibaki na swali moja, akaliuliza kwa sauti ndogo ambayo fundi meno, aliyekuwa mlangoni kama kawaida yake, hakuwahi kuisikia ikitoka kwake.

"Na mtu akifutwa kweli, unaweza kujua?"

"Nitajua. Ila hapa kaunta hawezi kufuta mtu yeyote. Angalia." Akamzungushia skrini. "Kitufe cha kufuta hakipo. Kipo kwa daktari peke yake. Sasa mtu wa hapa angefuta kwa nini, kwa mate?"

Mama Rula aliangalia pembe zote za skrini. Miezi yote ile hakuwahi kukitafuta kitufe. Alitafuta mwizi moja kwa moja.

Akasema basi mapengo hayo yazibwe. Azisogeze namba zikae sawa, zifuatane, asiyaone tena. Fundi wa kompyuta akafunga begi lake. Alimweleza kwamba akiziba pengo moja, kila aliye nyuma yake anabadilika namba, na visanduku vyote rafuni vina namba za zamani. Fundi meno akaingilia kutoka mlangoni kwamba yeye hayuko tayari kuchonga upya taya za mji mzima. Mwenye taya pana akipewa meno ya mwenye taya nyembamba, asije akaulizwa yeye. Wakacheka wawili hao. Yaache, mama, alisema fundi wa kompyuta, hayaumi.

Alipoondoka, Mama Rula akayapitia mapengo tena, moja baada ya jingine, lakini sasa aliwatazama wagonjwa walioandikwa kando yake. Kabla ya pengo, mgonjwa yeyote. Baada ya pengo, mzee. Bibi wa miaka themanini. Babu. Bibi mwingine. Kila palipokosekana namba, palikuwa na mtu asiye na simu, na binti aliyeinama kwenye kaunta akijaribu, akikataliwa, akijaribu tena. Aliyoyaita ushahidi yalikuwa subira ya yule binti, na aliikuta imehifadhiwa vizuri kuliko kumbukumbu nyingine yoyote pale kaunta.

Siku ya pili yake aliwaita daktari na fundi meno kwenye kaunta akawaambia kwamba alimsingizia mkwewe, na kwamba amesema mbele ya watu kwa hiyo anajikosoa mbele ya watu. Daktari akaitikia kwa kichwa, mawazo yake kwenye jino la mtu. Fundi meno akatazama viatu vyake. Lakini mabenchi yalikuwa na watu wengine. Waliocheka siku ile walishapata meno yao wakaenda zao, na kicheko wakaenda nacho. Kukirudisha hakukuwa na njia.

Akaenda upande wa pili wa mji. Hakubeba kitu, alifikiria kubeba, akaona mzigo utaonekana kama hongo. Nyumba ilikuwa ya vyumba vingi mfululizo, kila mlango na pazia lake. Mkwewe alikuwa anapiga pasi mashati, meza imetandikwa blanketi. Alipogeuka, Mama Rula aliona tumbo. Lilikuwa limeshajitokeza vya kutosha, na hakuna aliyemwambia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akapewa kiti, akapewa maji kwenye glasi iliyo juu ya kisahani. Zamani, kule uani, alikuwa akipewa maji kwa kikombe chochote kilichokuwa karibu, mara nyingine kikombe ambacho binti alikuwa akikinywea mwenyewe. Kile kisahani kilimwambia mengi. Heshima ilikuwepo yote, hakuna hata chembe iliyopungua, na alikaa mbele yake kama mtu aliyekaa mbele ya ukuta uliopakwa rangi vizuri.

Hakuzunguka. Kuzunguka hakukuwa tabia yake.

"Nimekuja kukuambia nilikosea. Namba huwa zinaruka, nimeona kwa macho yangu. Na kitufe cha kufuta hukuwa nacho."

"Ndiyo, mama."

"Ulijua kwamba huna?"

"Nilijua sina. Sikujua tu kwa nini zinaruka."

"Mbona hukusema, mwanangu?"

Binti aliinua pasi akaisimamisha, ili isiunguze.

"Nilisema, mama. Watu wakacheka."

Nje mtu alikuwa anasugua sufuria kwa mchanga. Mama Rula akasema koti lake bado liko kwenye kiti, hakuna aliyelivaa. Akasema wazee wanamuulizia. Binti akamshukuru kwa upole. Alikwishapata kazi kwenye duka la kuchapa na kudurufu hapo jirani, na hata asingepata, kaunta ile asingeiweza tena. Angekuwa anaandika huku anaangalia nyuma. Samahani ya mama ameipokea, alisema, na moyoni hana kitu. Mama Rula alitamani angekuwa na kitu. Mwenye kitu moyoni hukitoa siku moja, mkagombana, mkala.

Akatafuta pa kushika, akashika tumbo kwa macho.

"Na huyu, Mungu amlinde. Mjukuu wangu wa kwanza."

"Wa pili, mama."

Mama Rula hakuelewa. Binti akakaa, mara ya kwanza tangu mgeni aingie, mikono juu ya mapaja. Akamweleza kwa sentensi chache kwamba ile wiki ya homa haikuwa homa. Mimba ilikuwa changa, hawakuwa wamemwambia mtu, ikatoka. Alilala kule uani, ukuta mmoja na jikoni, na alisikia la godoro lilipokuwa likisemwa. Hakumlaumu, angejuaje. Alikuwa amepanga kumwambia akishapata nguvu. Alikuwa bado anachagua siku.

"Kisha ikaja ile asubuhi ya kaunta," akasema. "Nikaona nikikuambia sasa, utaniuliza nimemfutaje."

Hakulisema kwa hasira. Angelisema kwa hasira, Mama Rula angejua pa kuliweka.

Mama Rula alinyoosha mkono akaugusa wa binti, na binti akauacha uguswe. Ndiyo yote yaliyowezekana siku ile. Alipoinuka kuondoka, mkwewe alimsindikiza. Zamani alikuwa akimsindikiza mpaka barabarani, kikapu mkononi, mazungumzo yasiyokwisha, mpaka Mama Rula ndiye amwambie rudi. Safari hii alifika kwenye pazia akasema, nenda salama, mama. Mama Rula alitembea bila kugeuka, akiogopa kuona pazia limeshatulia.

Mtoto alizaliwa msimu uliofuata. Habari aliletewa na mwanawe kwa simu, mtoto akiwa ameshapewa na jina, na mama mzaa binti ameshafika kumkanda na kumpikia. Mwana alisema, kwa sauti ya kuchagua maneno, kwamba wakitulia kidogo watamwita aje kumwona. Mama Rula akasema hakuna haraka, watulie. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Kwake majuto ndiyo yaliyotangulia, yakakaa kwenye kiti cha mjukuu, na sasa mjukuu amefika na yeye yuko foleni.

Habari zilizunguka kliniki. Fundi meno alitoka chumba cha nyuma, mikono meupe, akaegemea kaunta palipokuwa na bibi mmoja aliyekuja kuandikishwa.

"Hongera, Mama Rula. Mjukuu wa kwanza hana mfano. Wa kwanza kabisa huyo, utamdekeza mpaka aoze meno, uniletee."

Mama Rula alifungua mdomo. Neno lilikuwa tayari, fupi, la kweli, la aina ambayo maisha yake yote alikuwa akiitema bila kutafuna. Akaufunga. Lile halikuwa lake la kusema.

"Asante," akasema. "Nitamleta."

Akamgeukia bibi, ambaye alikuwa bado anapekua mkoba wake. Simu hana. Ya mwanawe ilikataliwa, maandishi mekundu yakajaa skrini, na mahali fulani ndani ya mashine namba moja ikaenda zake. Nyuma ya bibi foleni ilikuwa imeanza kukohoa.

"Pole pole, mama," Mama Rula akamwambia, akainama juu ya kaunta. "Jirani yako je, ana simu?"